Kibali cha ujenzi: nyumba ilizuiwa ikiwa kwenye msingi, fremu za maduka zikakwama kwenye hati. Yaliyonipata na njia niliyopita

Baba Neema wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimerudi kazini nikamkuta jirani yangu, mama mmoja mjane, amekaa juu ya tofali nje ya boma lake lililofika linta. Ukutani kuna X nyekundu ya halmashauri, bado rangi haijakauka vizuri. Akaniuliza, "Baba Neema, mbona ninyi mlijenga hamkuandikiwa?" Nilishindwa kumjibu pale pale. Mimi niliandikiwa, tena mapema kuliko yeye, nikalipa, nikajifunza, halafu nikanyamaza. Nilimwona anachimba msingi mwezi wa tatu, nikamsalimia nikapita. Uzi huu ningepaswa kumsimulia yeye siku ile.

Kiwanja changu kilikuwa kimepimwa, nina hati. Kwa akili yangu ya wakati ule, hati ndiyo ruhusa yenyewe. Fundi akaniambia huku watu wanajenga tu, kibali ni cha maghorofa ya mjini. Nikanunua ramani ya vyumba vitatu kwenye duka la kuchapisha karatasi, tukachimba, tukamwaga zege la msingi, tukasimamisha nondo za nguzo. Siku ya kumi na moja wakaja afisa wa halmashauri, mgambo wawili na mtendaji wa mtaa. Nikakabidhiwa notisi ya kusimamisha ujenzi. Nondo zile zimekaa nje masika nzima zikapiga kutu, ikabidi nyingine zikatwe. Faini niliisahau upesi, ila zile nondo hadi leo zinaniuma.

Kilichonishangaza ni kwamba nilipokwenda ofisini swali la kwanza halikuwa kuhusu nyumba. Yule afisa mipango miji alifungua hati yangu akaniambia, "Nisomee hapa." Palikuwa na mstari wa matumizi: makazi. Akasema ukurasa uleule una masharti ya kuendeleza kiwanja, ikiwemo muda wa kuwasilisha michoro na muda wa kumaliza jengo. Yangu inasema miezi 36, na nimeona hati nyingi zikisema hivyo. Nilikuwa na hati ile mwaka wa pili sijawahi kuisoma hata mara moja, nimeifungia kabatini kama cheti cha ndoa.

Kwa hiyo wakuu, anzeni na hati au ofa (barua ya kupewa kiwanja). Someni matumizi. Lipeni kodi ya pango la ardhi, maana deni la nyuma lazima liibuke na faili litarudi. Tafuteni bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka, kwa macho yenu. Mimi moja ilikuwa imefukiwa na kifusi cha jirani, na ramani yangu ya dukani ilikuwa imeusogelea mpaka wake kiasi kwamba dirisha la chumba cha watoto lingetazamana na ukuta.

Kisha michoro. Ramani ya dukani ilikataliwa kwa sababu haikuwa na mtu nyuma yake. Wanataka mchoro wenye jina na mhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Ukijenga ghorofa, iwe hata moja, wanataka pia michoro ya mihimili kutoka kwa mhandisi anayetambuliwa na ERB, bodi ya wahandisi, na kwangu kwenye mradi wa pili, nitakaoueleza mbele, walidai na majibu ya upimaji wa udongo. Mchoro mzuri unaonyesha jengo limekaa wapi ndani ya kiwanja: umbali kutoka barabarani, kutoka kwa majirani, shimo la maji taka liko upande gani, gari linaingilia wapi. Hicho kipande cha kiwanja ndicho kinachotazamwa zaidi kuliko sura ya nyumba. Msanifu wangu aligeuza nyumba nzima nyuzi tisini, sebule ikapata upepo wa kaskazi, na nikabakiwa na nafasi ya kupita gari la kunyonya maji machafu. Pesa niliyomlipa iliniuma siku ya kwanza tu.

Maombi siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Unajiandikisha, unapakia michoro na hati, unapata kontroo namba, unalipia benki au kwa simu. Usimpe mtu hela mkononi hata kama amevaa kitambulisho. Kama malipo hayana kontroo namba, hujalipa serikali.

Faili linapopita kwa wataalamu kila mmoja ana jicho lake. Mipango miji anaangalia matumizi na umbali wa mipaka. Wa ardhi anaangalia kama kiwanja ni chako na hakina mgogoro. Mhandisi anaangalia kama jengo litasimama. Afisa afya ndiye aliyenishika zaidi, na ninamshukuru: shimo langu la maji taka lilichorwa upande wa kisima cha jirani. Mimi sikujua kisima kile kipo. Yeye alikuja uwanjani, akachungulia juu ya ukuta, akakiona. Watoto wa yule jirani wangekunywa maji yale.

Nikapata kibali, nikaendelea, na mkaguzi akaja kabla ya kumwaga zege la mkanda. Nyumba ikaisha salama.

Sasa kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nikanunua kiwanja kingine barabarani ili nijenge fremu sita, chini maduka na juu vyumba vya kupangisha. Safari hii nikasema mimi ni mzoefu: msanifu yupo, mhandisi yupo, michoro safi. Nikapakia. Likarudi. Hati inasema makazi, mimi nimechora maduka. Hati ya kwanza nilimsomea afisa kwa sauti miaka minne nyuma, ya pili sikuisoma kabisa!

Kubadili matumizi ni safari yake yenyewe. Unaandika maombi, tangazo linawekwa ili majirani wajue na watoe pingamizi wakitaka, wataalamu wanapima kama eneo linabeba biashara hiyo, vikao vya halmashauri vinakaa, halafu linakwenda juu wizarani, na ikiidhinishwa hati inabadilishwa. Kwangu ilichukua miezi 7 kabla hata ya kurudi kwenye maombi ya kibali chenyewe. Mkopo wa benki ulikuwa umeshaanza kukatwa. Kama unanunua kiwanja kwa ajili ya biashara, uliza matumizi yake kabla ya kuuliza bei.

Naomba wenye ujuzi waongezee na kusahihisha. Nitakuwepo humu usiku huu.

---

Kokoto Nyeusi

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nina swali la watu wengi humu. Kiwanja changu hakijapimwa, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, yenye mihuri na mashahidi. Hapo naanzia wapi? Nimeambiwa bila hati hata nisipoteze nauli.

---

Baba Neema wa Goba

Mkuu, usikate tamaa lakini usianze kuchimba. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yako, omba kuonyeshwa mchoro wa mpango wa eneo lenu. Kuna mambo matatu unayotafuta hapo: eneo lako limepangwa liwe nini, kama urasimishaji (kupanga na kupima makazi yaliyokwisha jengwa) umefika mtaani kwenu, na kama hakuna barabara au eneo la wazi lililochorwa juu yako. Mwenyekiti wa mtaa atakuthibitishia umeuziwa na nani. Habari ya mpango wa eneo hana, hilo ni la ofisi ya mipango miji.

---

Msanifu wa Pembeni

Niongeze kwa Kokoto Nyeusi. Mimi kazi yangu ni usanifu, nimepeleka mafaili ya kutosha. Kwenye makazi yaliyojengeka bila kupimwa, urasimishaji ndio mlango. Wakazi wanakaa na mpima, mnakubaliana njia zipite wapi, kila mtu anakata kidogo, mchoro unaidhinishwa, viwanja vinapimwa, hati zinaombwa. Panapokwama ni pale mtu mmoja anapokataa kutoa nusu mita ya njia. Nimeona mtaa mzima ukisubiri kwa ajili ya ukuta mmoja. Kama mko kwenye hatua hiyo, hudhuria mikutano yote. Anayekosekana ndiye anayechorewa njia dirishani.

Halafu niseme la moyoni kuhusu michoro. Kila wiki kuna mtu ananiomba nimpigie mhuri kwenye ramani aliyoichukua mtandaoni. Sifanyi, na ninawaomba msimtafute atakayefanya. Ule mhuri unasema nimeangalia jengo lako kwenye kiwanja chako. Vishoka wanauza mihuri, wengine wanatumia namba za usajili za watu wengine kabisa. AQRB na ERB zina orodha za waliosajiliwa, angalieni jina kabla ya kutoa kitu.

Na kuna tabia moja mbaya kuliko hiyo: kupata kibali cha ghorofa mbili halafu ukajenga nne. Mnakumbuka Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya jiji la Dar es Salaam? Watu 36 walifariki, na ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa pungufu ya zilizosimama. Watoto walikuwa wanacheza jirani pale. Novemba 16, 2024 tena Kariakoo, likaanguka jengo lenye maduka watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya watu 20, na wafanyabiashara wa pale walieleza juu ya uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini ya jengo. Msingi unapigiwa hesabu kwa uzito fulani. Ukiongeza sakafu, au ukichimba chini ya nguzo zilizokwisha kubeba, hesabu ile imekufa. Ongezeko lolote linahitaji michoro mipya na kibali kipya, hata kama umeongeza chumba kimoja juu.

---

Mzee wa Mabibo

Mimi naona mnawatisha watu. Mtaani kwetu nyumba zaidi ya mia mbili hakuna hata moja yenye kibali, tunaishi mwaka wa ishirini sasa. Serikali yenyewe inatukata kodi ya jengo kupitia LUKU ya umeme. Kama nyumba ni haramu mbona kodi wanachukua? Vibali ni vya wenye hela.

---

Baba Neema wa Goba

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Ni kweli kodi inakatwa kupitia mita ya umeme, na mtu anahisi ametambuliwa. Lakini risiti ya LUKU haijawahi kumtetea mtu. Desemba 2015 kule bonde la Msimbazi watu walikuwa na umeme na maji, na nyumba zilibomolewa. 2017 kuanzia Kimara hadi Kiluvya, barabara ya Morogoro, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Zilivunjwa nyumba, maduka, hata nyumba za ibada, na wengine walikuwa wameishi pale umri wao wote. Nilipita pale siku ya tatu yake. Mzee mmoja alikuwa anang'oa misumari kwenye mbao zake moja moja.

Nakubali pia kwamba utaratibu ni mrefu na gharama ya michoro ni mzigo kwa mtu wa kipato cha kawaida. Hilo linapaswa kusemwa kwa sauti. Halmashauri zingekuwa na michoro michache ya nyumba ndogo iliyokwisha kupitishwa, mtu achague na alipie kidogo, wengi wasingekimbia.

---

Mzee wa Mabibo

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye michoro ya bei nafuu tumeelewana. Ila kwa sisi tuliokwisha jenga?

---

Msanifu wa Pembeni

Mzee shikamoo. Kuna njia, inaitwa kuhalalisha jengo. Msanifu anakuja anapima jengo lilivyo, anachora kilichopo, mhandisi anakagua uimara, faili linapelekwa na adhabu yake inalipwa. Ila kuna mahali haiwezekani hata ulipe kiasi gani: hifadhi ya barabara, chini ya nyaya kubwa za umeme, na ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Hiyo mita 60 ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Pima kwa futi kamba kabla ya kunipigia simu mimi.

---

Binti wa Nkuhungu

Dodoma huku zamani ilikuwa CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ndiyo iliyosimamia ardhi na vibali. Baba alikuwa anasema ukiweka tofali tatu bila kibali, ya nne unaiweka mbele ya mkaguzi. Ilipovunjwa 2017 kazi ikahamia kwa halmashauri, na hati za miaka 33 zikaanza kubadilishwa kuwa za 99. Sisi tulijenga baada ya hapo. Kilichotusaidia ni kwamba mitaa ilishachorwa siku nyingi, kwa hiyo afisa anafungua mchoro, anakuonyesha kiwanja chako, hakuna ubishi. Tulichokosea ni uzio. Tulidhani kibali cha nyumba kinabeba na ukuta. Kwenye mchoro wetu ukuta haukuwepo, tukaambiwa tuombe upya. Kwa hiyo choresheni kila kitu mara moja: nyumba, ukuta, banda la mlinzi, kisima.

---

Fundi Nondo

Mimi ni fundi miaka 18. Kwa niaba ya mafundi naomba radhi kwa ile kauli ya "huku watu wanajenga tu". Tunaisema kwa sababu tunaogopa kazi isicheleweshwe, mteja akaenda kwa mwingine. Lakini notisi ikija fundi anaondoka na vifaa vyake, mwenye nyumba anabaki na nguzo zenye kutu. Siku hizi nikifika saiti naomba nakala ya kibali na michoro ibaki pale chini ya plastiki, maana mkaguzi akija bila kuikuta hana cha kulinganisha.

Na kwenye fremu na maghorofa, mimi kama fundi sitoshi. Wanataka mkandarasi aliyesajiliwa CRB, bodi ya wakandarasi, kwa daraja linalobeba kazi hiyo, madaraja ni saba, la saba ndilo la chini. Bango liwekwe mbele ya saiti lenye majina ya mwenye mradi, msanifu, mhandisi na mkandarasi. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wanataka eneo la ujenzi lisajiliwe. Msione kama usumbufu, mwaka juzi kijana mwenzetu alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti, saiti haikuwa na jina la mtu yeyote wa kuulizwa. Alizikwa kwao kwa michango yetu.

---

Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nipo Muscat mwaka wa tisa, najenga Dar kupitia mdogo wangu. Nilikuwa natuma hela na napokea picha. Siku moja nikaomba picha ya kibali, nikatumiwa karatasi ya mtendaji wa mtaa inayosema "mhusika anaruhusiwa kuendelea na shughuli za ujenzi". Mdogo wangu hakunidanganya, yeye mwenyewe alidhani ndicho kibali. Nawausia walio mbali: ombeni namba ya maombi kwenye mfumo na nakala ya michoro yenye mihuri, kila ukurasa. Barua ya mtaa ni utambulisho tu.

Na swali, nataka baadaye nijenge nyumba ya wageni Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya marehemu babu. Utaratibu ni huuhuu?

---

Msanifu wa Pembeni

Waalaykum salaam. Hapana sheikh, Zanzibar ina sheria na ofisi zake, TAUSI haihusiki. Na Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, una Mamlaka yake ya Hifadhi na Uendelezaji. Huko hata mlango, baraza na rangi ya ukuta vinaombewa ruhusa, na chokaa haibadilishwi kwa saruji kwa matakwa ya fundi. Ukuta wa mawe ya matumbawe unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani na unaula. Nenda pale mapema, kabla hujamlipa mtu wa kuchora.

---

Mama Ghala

Kwa wenye biashara: mimi nilijenga ghala la nafaka. Mbali na haya yote nilitakiwa michoro ipitiwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na NEMC, baraza la mazingira, kwa ajili ya tathmini ya mazingira. Zimamoto walinibadilishia milango miwili ifunguke kwa nje na wakaniongezea wa nyuma. Nilinung'unika kwa sababu ya gharama. Mwaka uliofuata moto wa umeme ulianza usiku, vijana wanne waliokuwa wanapakia walitokea mlango huo wa nyuma. Nafaka iliungua. Vijana wapo, mmoja ameoa mwezi uliopita.

---

Kokoto Nyeusi

Wakuu nimerudi. Leo nimekwenda ofisini kama nilivyoelekezwa. Eneo langu limo kwenye urasimishaji, ila njia ya mita sita imechorwa upande wa mashariki, inakula kona yangu. Nilikuwa nipige msingi Jumatatu, na choo kingekaa katikati ya njia. Mchanga ulikuwa umeshashushwa. Nimewaambia mafundi wasubiri.

---

Baba Neema wa Goba

Afadhali, mkuu. Funika mchanga na turubai.

Nami nina taarifa. Leo nimekwenda na yule mama halmashauri. Kiwanja chake kimepimwa na matumizi ni makazi, hayuko kwenye hifadhi yoyote, tumeshapima. Wamempa siku 30. Wanataka michoro ya jengo lilivyo sasa na ripoti ya mhandisi kuhusu msingi na nguzo, kwa sababu hakuna mkaguzi aliyeona nondo kabla hazijafunikwa. Hiyo ripoti ndiyo inatushinda, bei tulizotajiwa ni kubwa kuliko alichobakiwa nacho. Kama kuna mhandisi humu aliyesajiliwa, aliye karibu na Goba, tunaomba atusikilize. Michoro nitamlipia mimi.

---

Mhandisi K

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Nipo Mbezi, usajili wangu nitakutumia kwenye ujumbe binafsi uukague kwanza ERB. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuja na nyundo ya kupimia ugumu wa zege. Mwambie fundi wake awepo, na achimbe pembeni mwa nguzo mbili, ya kona na ya katikati, mpaka chini kwenye kitako. Kama alihifadhi risiti za nondo na saruji, azitafute.

---

Baba Neema wa Goba

Mkuu, nimemsomea. Amekwenda ndani kuzitafuta risiti.